Sura ya Tisa: Spika ya Nyuma Kulia

Redio ilikuwa inawaka lakini haisemi, na Sajini Nyaberi hakupenda mtu wala kitu kinachojua jambo kisha kikanyamaza.

Alisimama mlangoni mwa kibanda cha Okeyo, fundi wa redio za magari nyuma ya soko la Kericho, akaitazama ile Peugeot 504 nyeupe. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Oktoba 1996. Jua lilikuwa limetoka, lakini juu ya mashamba ya chai wingu lilishaanza kujikusanya, maana mvua ya Kericho ina saa yake na haimsubiri mtu. Ndani ya gari taa ndogo ya kijani ilimulika. Kaseti ilizunguka taratibu. Sauti hakuna, hata mkwaruzo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nilipolirudisha gari nyumbani mwezi wa sita, afande," alisema Phelis Nyabate. "Nilidhani ni mvua imeingia."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama mume wangu ana maadui. Ukaniuliza kama ana mwanamke. Redio hukuniuliza."

Nyaberi alikohoa. Mama huyo, mwembamba, mtoto wake mchanga mgongoni, alikuwa amesema kweli, na kweli ya asubuhi asubuhi haina ladha nzuri.

Mumewe, Sagini, alikuwa karani wa kupima majani kwenye kituo kimoja cha kununulia chai nje ya mji. Asubuhi moja ya Februari aliaga kwamba anakwenda kazini, akawasha gari lake, na kazini hakufika. Siku ya tatu gari lilikutwa kwenye stesheni ya reli ya Fort Ternan, limefungwa vizuri, ufunguo umewekwa juu ya gurudumu. Watu wakasema amepanda treni. Wengine wakampandisha na mwanamke, ingawa hakuna aliyemwona huyo mwanamke. Gari lenyewe lilikaa stesheni miezi minne huku karatasi zake zikizungushwa ofisi hadi ofisi, ndipo Phelis akaruhusiwa kulichukua. Kwenye jalada Nyaberi alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Gari halijaguswa.* Leo sentensi hiyo ilimsumbua kama kokoto ndani ya kiatu.

Na siku zilikuwa zimekwisha. Jumamosi, kule kwao Kisii, Makori, kaka mkubwa wa Sagini, angezika mgomba. Ndiyo desturi: mtu akipotea na mwili wake usionekane, wazee hukata mgomba, huuvika shuka, huulaza kaburini mahali pake ili roho yake iache kuzurura. Mtoto wa Makori alikuwa ameugua mara mbili mwaka huo, na wazee walishasema sababu ni nini. Kaburi lilikuwa limepimwa.

"Wakiuzika huo mgomba nimekwisha, afande," alisema Phelis. "Wewe ni mtu wa kwetu, unajua. Mtu akishazikwa haingii bomani tena. Hata akitokea Jumapili kwa miguu yake, watamfukuza kwa mawe wakisema ni mzuka. Na mimi nitakuwa nimenyolewa nywele kama mjane."

"Umejuaje kwamba yu hai?"

"Sijui. Namtamani tu." Aliinua uso. "Najua kutamani si ushahidi. Usinikumbushe."

Nyaberi hakumkumbusha. Alimgeukia fundi.

"Haya, Okeyo. Tafuta ugonjwa, na kila hatua uniambie. Nifundishe kama unamfundisha mjinga."

"Hiyo si kazi ngumu," alisema Okeyo, akachukua bisibisi.

Okeyo alikuwa mtu mnene wa kupumua kwa kelele, na alikuwa na tabia ya kuongea na magari kuliko wenye magari. Alianza na fyuzi. "Hii ingeungua, hata taa haingewaka. Kwa hivyo hapa hakuna kesi." Akazungusha kitufe cha kugawa sauti mbele na nyuma, kushoto na kulia. "Wengi wananiletea gari hapa wakilia, kumbe ni mtoto alichezea hiki. Lakini hapa pia hakuna kesi." Kisha akaichomoa redio kutoka kwenye dashibodi, akatenganisha nyaya zote za spika, akaunganisha redio na spika moja kuukuu iliyokuwa juu ya meza yake.

Gitaa likalia.

Lilikuwa gitaa la kwetu la magharibi, lenye nyuzi zinazokimbizana, na sauti ya mwanamume ikaanza kuimba kuhusu safari. Phelis aliruka kana kwamba ameguswa na moto.

"Zima!"

Okeyo alizima.

"Hiyo ni kaseti yake," alisema Phelis, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ilikuwemo siku aliyoondoka. Kila Jumapili nikitoka kanisani ninaketi ndani ya gari, ninaiwasha, ninaitazama ikizunguka. Miezi minne nimeitazama tu. Siwezi kuisikia kwenye spika ya mtu mwingine na yeye hayupo."

Wanaume wawili walitazama chini. Mtoto alipiga chafya.

"Basi redio ni nzima," alisema Nyaberi.

"Redio ni nzima kabisa. Ni shahidi mzuri, ila kuna mtu amemziba mdomo." Okeyo alichukua betri moja ya tochi na vipande viwili vya waya. "Sasa tunauliza spika moja moja. Spika nzima ukiigusa na betri, inapiga kofi."

Akagusa nyaya za mlango wa mbele kushoto. *Kwap.* Mbele kulia. *Kwap.* Nyuma kushoto. *Kwap.* Nyuma kulia ikasema *tik*, kisauti chembamba kama cha kuku aliyekanyagwa.

Okeyo aliacha kupumua kwa kelele. "Eh," alisema.

Alifungua ubao wa ndani wa mlango wa nyuma kulia. Nyaberi aliinama karibu. Spika iliyokuwamo haikuwa ndugu ya zile tatu. Zile zilikuwa kubwa, nyeusi, zenye sumaku nzito. Hii ilikuwa ndogo, ya karatasi ya kahawia iliyozeeka, spika ya gari la enzi za wazungu. Kwa kuwa haikutosha kwenye tundu, mtu alikuwa amekata kipande cha plaiwudi cha duara, akatoboa katikati, akaifunga hapo. Nyaberi alipitisha kidole kwenye ukingo wa ule ubao. Ulikuwa laini.

"Umepigwa msasa," alisema.

"Na varnishi juu," alisema Okeyo. "Mwizi gani anapiga msasa?"

"Mwizi angechukua nne."

"Angechukua nne na redio, na ungekuta tundu tu."

"Huyu amechukua moja, akalipa nyingine." Nyaberi aliigeukia redio. "Na kwa nini zote nne zimenyamaza, kama ni moja tu iliyobadilishwa?"

Okeyo alimwonyesha. Waya mmoja wa spika kuukuu ulikuwa umeunganishwa vizuri na waya wa redio. Ule mwingine haukuunganishwa na waya wowote. Ulikuwa umefungwa kwa skrubu kwenye chuma cha mlango, barabara, kwa mkono wa mtu anayejua kazi.

"Zamani ndivyo tulivyofunga," alisema Okeyo. "Redio za zamani, waya moja kwa spika, ile nyingine unaikanyagisha bodi popote, inaimba. Hizi za kisasa ukithubutu kuikanyagisha bodi, redio inajinyamazisha yenyewe, spika zote, isije ikaungua. Kijana hawezi kufanya hivi. Hii ni kazi ya mzee. Mzee fundi, tena mzuri, lakini hajafungua redio mpya maishani mwake."

"Sagini mwenyewe je?"

"Sagini alifunga hizi nne mwenyewe, hapa hapa kwangu, nikimtazama. Anajua."

Nyaberi alikuwa anatazama vichwa vya skrubu. Juu ya kila kimoja palikuwa na tone la rangi ya kijani.

"Na hii?"

Okeyo alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Hiyo ni alama ya karakana za mashamba makubwa. Ukikaza skrubu, unaidondoshea rangi, ili msimamizi akipita ajue imekazwa. Kila shamba na rangi yake. Nyekundu, njano. Kijani ni Kiptororgo."

"Kiptororgo?" Phelis alikaribia. "Sagini alianzia kazi huko, akiwa utingo wa trekta. Kabla hajanioa. Kuna mzee alimfundisha ufundi, alikuwa akimtaja kila mara. Mimi sikuwahi kumwona. Alistaafu akarudi kwao."

"Kwao wapi?"

"Sikumbuki, afande. Ninakumbuka tu alivyokuwa akimtaja. Kama baba."

Nyaberi alifungua ile spika kuukuu pamoja na plaiwudi yake, akaifunga kwa gazeti, akaiandika kielelezo. Okeyo alirudisha redio mahali pake na kuunganisha spika tatu zilizobaki. Alitaka kuijaribu, kama ilivyo ada ya fundi yeyote, lakini alipomwona Phelis aliuondoa mkono wake kwenye kitufe.

"Itaimba," alisema. "Utakapotaka wewe."

*

Mvua iliwakuta njiani na ikawaacha njiani. Walipoteremka Fort Ternan kwa ile Peugeot, Nyaberi akiendesha, ambako chai inakwisha na miwa inaanza, palikuwa na jua na joto, na mlinzi wa stesheni alikuwa ameketi kwenye kivuli cha bohari akimenya muwa. Jina lake Mosoti. Taarifa yake ilikuwa kwenye jalada, mistari mitatu: alililinda gari, hakuna aliyelisogelea, hana la kuongeza.

Nyaberi alimwacha Phelis garini, akachuchumaa mbele ya mlinzi.

"Mosoti, ulipenda kusikiliza nini zaidi? Taarifa ya habari au mpira?"

"Kwa nini, afande?"

"Kwenye redio ya lile gari."

Kisu kilisimama juu ya muwa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mosoti haikufika hata kona ya bohari.

"Salamu," alisema kwa sauti ya chini. "Za Jumapili saa tisa. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari pale ofisini. Nilikuwa nikiwasha kidogo tu, afande, ili betri isife."

"Hapo unaisaidia serikali. Endelea."

"Mwezi wa tano, Jumapili ya pili, nilikuwa nimetuma kadi na nilijua itasomwa. Nikawasha. Taa inawaka, hakuna sauti. Nikasema, nimeiharibu! Nikafunga, nikarudisha ufunguo, nikanyamaza. Na kadi yangu ilisomwa, afande. Watu wote wa hapa waliisikia isipokuwa mimi."

Nyaberi alimwonea huruma, lakini si sana. "Na Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, nani alilisogelea gari?"

"Hakuna mtu."

"Mosoti."

"Kweli hakuna mtu! Ila Mzee Kipkosgei. Huyo si mtu wa kuandikwa, ni mzee wa kanisa. Alikuja na sanduku lake la vifaa, akasema gari likisimama sana linaoza, akaomba alikague. Bure! Fundi mzima anajitolea bure, nimkataze?"

"Alikuwa fundi wa wapi?"

"Kiptororgo. Utaiona nyumba yake pale mlimani. Geti lake limejaa matone ya kijani."

*

Lilikuwa limejaa kweli. Kila bawaba, kila skrubu, hata msumari ulioshika bati la namba ya nyumba, ulikuwa na tone lake. Nyaberi aliegesha gari nje, akamwambia Phelis asubiri.

"Nisubiri nini?"

"Sijui bado. Nikijua nitakuita."

"Miezi minane nimesubiri nisichokijua," alisema Phelis. "Dakika kumi si kitu. Lakini zikiwa kumi na moja, ninaingia."

Mzee Kipkosgei alimkaribisha ukumbini kwa heshima zote. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu na vidole vyeusi vya mafuta ambavyo sabuni ilishavishindwa. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na ng'ombe, kama watu wanavyopaswa. Mke wake alileta chai ya maziwa, akaondoka. Nyaberi alifungua gazeti, akaiweka ile spika mezani kati ya vikombe viwili.

Mzee aliitazama. Hakujifanya haijui.

"Imeharibika?" aliuliza.

"Yenyewe nzima. Lakini imenyamazisha zile nyingine."

"Haiwezekani. Mimi nimefunga redio miaka thelathini."

"Waya wa pili uliukanyagisha bodi."

"Ndiyo. Si ndivyo inavyofungwa?"

"Hizi mpya hazitaki, mzee."

Kipkosgei alivua kofia, akaishika magotini. Uso wake ulikuwa umeanguka. Huyu, aliona Nyaberi, alikuwa hajaogopa kushikwa kwa wizi, bali alikuwa anaona aibu ya kazi mbaya.

"Kwa hivyo gari la kijana limekaa bubu wakati huo wote," alisema mzee. "Kwa mkono wangu."

"Spika yake iko wapi?"

Mzee aliigeuzageuza kofia magotini.

"Na yeye mwenyewe, yuko wapi?"

"Sajini, mimi niliapa. Mbele ya Biblia. Nifunge kama unataka, lakini kiapo siwezi kukila."

Nyaberi alikunywa chai yake. Ilikuwa nzuri, na hakuwa na haraka ya kuonekana ana haraka.

"Sawa. Sitakulazimisha," alisema. "Nitakuambia habari tu, halafu niende. Keshokutwa kaka yake anamzika. Wazee wa kwetu wakikosa mwili wanazika mgomba. Ukishafunikwa na udongo, mtu huyo amekufa. Mke wake ananyolewa, na yeye mwenyewe hata akirudi hapokelewi tena bomani. Kaburi limepimwa. Ahsante kwa chai, mama!"

Mzee alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa imeanguka chini.

"Kumzika? Mtu ambaye amekunywa chai kwenye kikombe hicho hicho asubuhi hii?"

Nyaberi alikitazama kikombe, akakiweka chini pole pole.

"Keti, mzee," alisema. "Hukuvunja kiapo. Umeuliza swali tu."

Kisha yote yakatoka. Sagini alikuja Februari akitema damu. Kifua kikuu. Miaka miwili kabla, mtoto wao wa kwanza, Nyaboke, alikufa kwa kukohoa, naye Sagini alihesabu siku zake za kukohoa mwenyewe akaamua kwamba ndiye aliyemuua. Na nyumbani palikuwa na mwingine, wa miezi miwili. Angemwambia nini Phelis? Angemzuiaje asimkaribie? Phelis angelala mlangoni pake. Basi akaacha gari mahali ambapo watu wangesema treni, akapanda mlima kwa miguu. Zahanati ilimpa dawa za miezi minane, na ile miwili ya kwanza ilikuwa sindano kila siku.

"Nilimwambia, mtumie mke wako habari," alisema Kipkosgei. "Akasema, atakuja. Nilimwambia mara ngapi! Akaniapisha. Akasema, nikimaliza dawa nitarudi nikiwa safi, hata akinitukana nitakuwa hai wa kutukanwa. Amebakisha wiki mbili."

"Na spika?"

Mzee alipangusa macho bila kujificha.

"Huyo mama anatuma salamu redioni. Kila Jumapili. 'Sagini, popote ulipo, mlango haujafungwa.' Maneno hayo hayo, kila wiki. Kijana alikuwa anaishi kwa hayo. Kuanzia Jumatatu anangoja Jumapili. Lakini zile sindano zilimla masikio. Ni dawa inafanya hivyo, daktari alisema, inaponya kifua inachukua masikio. Mwezi wa tano alikuwa anabandika sikio kwenye kiredio changu, mpaka kinamwacha na alama shavuni, na hasikii. Jumapili ile aliniuliza, 'Amenitaja?' Nikamwambia amekutaja. Akasema, 'Unanidanganya ili nile.' Akakataa chakula siku mbili."

Alivuta pumzi.

"Mgonjwa haulizwi uji. Nilijua gari lake lina spika kubwa. Nikaenda nikatoa moja, nikaifunga kwa kiredio ndani ya sanduku la mbao. Na sikuweza kuacha tundu kwenye gari la mtu, Sajini. Hiyo nyingine ilikuwa ya Land Rover ya meneja, niliitunza tangu mwaka wa sitini na nane. Nilimwekea kitu changu kizuri."

"Najua," alisema Nyaberi. "Ulikipiga msasa."

Mlango ukafunguliwa. Dakika kumi na moja zilikuwa zimepita, na kwa sura yake Phelis alikuwa amesimama nje ya dirisha tangu ya tatu.

"Yuko wapi?" alisema.

Mzee alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, amewapa mgongo, amejifunika blanketi, akitazama bonde na miwa iliyokuwa mbali chini. Kando yake, juu ya kigoda, palikuwa na kiredio na sanduku la mbao lenye tundu la duara, na ndani ya tundu ile spika nyeusi. Shingo yake ilikuwa imekonda. Phelis alisimama hatua ishirini nyuma yake, akaita.

"Sagini!"

Hakugeuka.

"Sagini! Baba Nyaboke!"

Kuku walikimbia. Mbwa wa jirani alibweka. Yeye aliendelea kutazama bonde, mikono juu ya magoti. Phelis alipiga hatua moja, akasimama. Alimgeukia Nyaberi, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi.

"Nikimgusa kwa nyuma atashtuka. Moyo wake utasimama. Nimemtamani mtu huyu miezi minane, afande, na sasa sijui namna ya kumfikia."

Nyaberi alifikiri. Kisha alifanya jambo ambalo haliko kwenye kitabu chochote cha polisi: alikwenda akafungua geti la matone ya kijani, akaliingiza lile gari uani kinyumenyume hadi pembeni ya nyumba, akafungua milango yote minne. Alitoka, akampisha Phelis.

Phelis aliingia, mtoto mgongoni. Alikaa kwenye kiti cha dereva, kiti ambacho hata zile Jumapili za kuitazama kaseti hakukikalia. Aliweka kidole kwenye kitufe cha sauti, akakizungusha mpaka kikakataa.

Gitaa likalipuka. Vikombe vya mama Kipkosgei vilitetemeka ndani ya nyumba. Besi ilipita ardhini, ikapanda miguuni mwa watu, na yule mwanamume wa kaseti akaanza kuimba habari za safari yake.

Kwenye kiti cha kamba, mgongo ulinyooka.

Hakugeuka mara moja. Aliinamisha kichwa upande mmoja, halafu mwingine, kama alivyokuwa akifanya kibandani kwa Okeyo siku alipozifunga zile spika, akizipima moja moja. Kisha akasema, kwa sauti kubwa isiyojijua, sauti ya mtu asiyejisikia:

"Nyuma kulia hailii."

Phelis alikuwa ameshashuka. Alizunguka kiti, akapiga magoti mbele yake, akamgeuza mtoto kutoka mgongoni akamwekea mapajani. Sagini alimtazama mtoto. Alimtazama mkewe. Mikono yake iliinuka, ikaogopa, ikasimama hewani, kwa hiyo Phelis aliishika yeye, akaiweka pale ilipotakiwa kuwa. Halafu akainama sikioni mwake, akapiga kelele hata mlinzi Mosoti, kule chini stesheni, baadaye aliapa kwamba alisikia.

"Unayo wewe! Irudishe nyumbani, mlango haujafungwa!"

Nyaberi aliwaacha. Alianza kuteremka mlima kwa miguu, mbio mbio, huku ule wimbo ukimfuata, kwa maana simu ya karibu ilikuwa stesheni, na kule Kisii kulikuwa na watu wanaonoa panga la kukatia mgomba.